Rangi ya Kukaa Nayo

Ukitaka kujua lori lilipakwa rangi kwa ajili ya nani, liendee na sumaku. Wanunuzi wa magari chakavu wanaopanda huku kutoka Kahama na Mwanza wanazo mifukoni, nyingi zimeng'olewa kwenye spika za redio mbovu. Mtu anasalimia, anasifu gari, anauliza habari za mvua na bei ya maharage, na huku mkono wake unapita taratibu chini ya mlango. Sumaku ikishika, hapo pana bati. Ikianguka, hapo pana puti. Hasemi neno. Anaiokota, anaipangusa vumbi, na bei aliyokuja nayo kichwani imeshapungua.

Puti yenyewe haina kosa. Fundi bodi yeyote anaitumia kusawazisha mabonde madogo ambayo nyundo imeshindwa kuyamaliza. Ubaya unaanza inapofanywa kuwa bati: tundu la kutu linasokomezwa magazeti na kipande cha wavu, juu linakandikwa puti, linapigwa msasa mpaka linateleza, kisha rangi inapita. Kwa miezi kadhaa gari linavutia kwelikweli. Lakini puti na bati havitikisiki pamoja. Barabara ikianza kulichapa gari, ufa mwembamba unatokea pembeni ya kiraka, maji yanapenya, na puti ikishayanywa inayakalisha juu ya chuma kilichobaki. Kutu ya mwanzo angalau ilikuwa inapigwa na jua. Hii ya pili inakula gizani, kiangazi na masika. Ndiyo maana lori lililopakwa rangi ya kuuza huoza upesi kuliko lile lililoachwa na tundu lake wazi.

Kibondo na Kasulu bado ni miji ambayo lori linajulikana kabla halijafika. Watu wa Makere wanalitambua kwa mlio, wanajua mwenyewe ni nani, dereva wa sasa ni wa ngapi, na mwaka gani lilizama mtoni likatolewa na trekta. Hapa huwezi kumuuzia jirani puti. Rangi ya kuuza inapakwa kwa ajili ya mgeni. Rangi ya kukaa nayo ni kazi nyingine, ina hesabu zake, na ndiyo niliyokuwa nikiiangalia kiangazi hiki uani kwa marehemu baba mkubwa, Kasulu, ambako Bedford lake lilisimama chini ya mwembe tangu msiba wake.

Vijana wa skrepa walishafika na mizani zao. Hesabu yao ni nyepesi: kilo mara bei, lori linakatwa palepale kwa gesi, linapakiwa juu ya lori jingine, na baada ya muda linarudi mkoani likiwa nondo. Kwa hesabu za sokoni wako sahihi. General Motors, waliokuwa wenye jina la Bedford, walijitoa kwenye utengenezaji wa malori Uingereza mwaka 1986, kwa hiyo hakuna spea mpya ya kutegemea. Lakini bati lake ni nene, la zamani zile chuma kilipokuwa hakionewi choyo, na mama mkubwa, mjane wa marehemu, alisema lori halikatwi. Hakutoa sababu. Akamwita fundi kutoka Kibondo, mzee mmoja aliyejifunza kazi katika gereji za mashirika ya misaada miaka ya 1990.

Fundi huyo hakuanza na msasa. Alilizunguka gari na bisibisi, akigonga kwa mpini wake. Bati zima linaitika. Bati lililoliwa linatoa sauti fupi, ya kufa hapohapo, na bisibisi ikigeuzwa ncha inaingia bila kulazimishwa. Alipolala chali chini ya bodi hakukaa sana.

"Hili limebeba chumvi," alisema.

"Umejuaje, fundi?"

"Tazama hizi boriti za sakafu, bwana. Mahindi hayali hivi."

Kweli lilibeba. Chumvi ya Uvinza, inayotokana na chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Ruchugi, ilikuwa ikivuta wafanyabiashara wa nchi zote za jirani tangu kabla ya Wajerumani. Richard Burton alipopita mwaka 1858 aliikuta biashara hiyo imeshakomaa. Baba mkubwa aliipakia miaka mingi kwenda Kibondo na mpakani Mabamba. Gunia linavuja kidogo, punje zinaingia kwenye maungio ya mbao na chuma, na basi. Chumvi inavuta unyevu hata hewani, na maji yenye chumvi yanapitisha umeme mdogo ule ambao ndio unaoendesha kutu. Fundi ana msemo wake kwamba lori la mawese halifi kwa kutu, linakufa kwa ajali, kwa kuwa kila safari inalipaka mafuta sakafu nzima. Sina ushahidi wa hilo zaidi ya umri wake. La chumvi nina ushahidi: siku za mwanzo zote zilikwisha kwa kuosha. Maji, brashi, maji tena, mpaka tukaanza kumwona fundi kama mtu anayevuta muda. Ukipiga msasa bila kuosha, punje zilizobaki kwenye vishimo vya chuma zitafunikwa na rangi, zitavuta maji kupitia rangi hiyohiyo, na baada ya masika moja malengelenge yatajitokeza. Hapo unakuwa umeitunza chumvi kwa gharama yako mwenyewe.

Baada ya chumvi, milango. Mlango wa gari una vitundu vidogo upande wa chini, vimetobolewa kiwandani ili maji yanayopita kwenye mpira wa kioo yapate pa kutokea. Kiangazi vumbi jekundu linavijaza. Mvua za Novemba zinalilowesha, vumbi linakuwa tope, tope linakauka na kuwa kizibo, na mlango unageuka ndoo. Lori linatembea na maji milangoni hadi Mei, dereva anayasikia yakichuruzika kila akikata kona, anadhani ni kitu kimelegea. Kipande cha spoki ya baiskeli kingetosha kuzibua, na baiskeli mbovu huku hazikosekani. Ni matengenezo ya bure, ya dakika moja, ambayo hakuna mwenye lori ninayemjua aliyewahi kuyafanya. Nadhani ni kwa sababu hayaonekani. Mtu anakubali kulipia taa za rangirangi mbele ya kichwa kabla hajafikiria vitundu vya chini ya mlango.

Msasa ulipoanza, historia ilijitokeza kwa duara. Juu kijani ya baba mkubwa. Chini yake nyeupe. Chini ya nyeupe kijivu chenye ubuluu cha shirika la umma lililokuwa na lori hili kwanza, kabla halijafungwa na mali zake kupigwa mnada. Kisha praima, kisha chuma. Ukipiga mahali pamoja kwa subira unapata duara ndani ya duara, kila moja na rangi yake, na kila rangi ina watu wake.

Nyeupe ni ya miaka ya tisini. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na watu wakaanza kuvuka kwa maelfu kuingia Kibondo, Kasulu na Ngara. Mwaka 1996 vita vikaanza Zaire, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Chakula, maturubai na mabomba vilihitaji malori kuliko yaliyokuwepo, na kila mwenye gari linalowaka alipata kandarasi. Baba mkubwa alilipaka jeupe akiamini gari jeupe halisumbuliwi kwenye vizuizi. Katika mlango wa kushoto, chini ya nyeupe hiyo, msasa ulifukua kiraka cha mviringo, kidogo kuliko sarafu, kilichochomelewa kwa ustadi. Fundi alikigusa kwa kidole akatabasamu bila furaha. Zilikuwa siku za majambazi, magari yakisubiriana Nyakanazi ili yatembee kwa msafara na polisi. Tundu lile halikuletwa na kutu, na ndilo pekee kwenye gari zima ambalo kutu haikulirudia. Aliyelifunga alifunga pande zote mbili.

Ni vigumu kusema lori katika Buha, nchi ya Waha, ni chombo tu. Malori yaliwashusha vijana wa Kiha hadi reli, wakapanda treni kwenda kukata mkonge Tanga, wakiandikishwa na wakala wa mashamba aliyeitwa SILABU. Mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, malori yalibeba vyungu, milango na mabibi kutoka mahame kwenda vijiji vipya. Mwaka 1978 na 1979 magari ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda vitani Uganda, na miaka iliyofuata hakukuwa na fedha za kigeni, hakukuwa na mafuta, gari binafsi lilikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Spea ikawa kitu unachokitengeneza mwenyewe. Kizazi kile cha mafundi kilijifunza kwamba gari haliishi, linarithiwa, na sidhani kama kimewahi kujifunza vinginevyo hata maduka yalipojaa.

Narudi kwenye chuma, maana hapo ndipo nilipokaa zaidi.

Udongo wa nyanda hizi ni mwekundu kwa sababu ya chuma ambacho kilishapata kutu zamani. Chuma safi ardhini karibu hakipo, labda kianguke na kimondo. Kilichopo ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Mhunzi wa kale alichofanya ni kuvitenganisha: aliweka udongo wenye chuma na mkaa tanuruni, akavukuta, na mkaa ukaichukua ile oksijeni ukaondoka nayo kama moshi. Kule Katuruka, Kagera, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuru za namna hiyo zilizowaka zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kila kipande cha chuma duniani, jembe au bampa, kimetolewa kwa nguvu katika hali yake ya kawaida, na tangu siku kinapotoka motoni kinatafuta njia ya kurudi. Maji na hewa ndiyo njia. Kutu si uchafu uliotoka nje ukaling'ang'ania gari. Ni gari lenyewe linakuwa udongo, tena udongo uleule wa barabara ya Kibondo.

Na kutu inavimba. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho, kwa hiyo ikianzia kati ya bati mbili zilizoshonwa pamoja inazipanua mpaka sehemu za kuchomelea zinaachia. Rangi nayo inainuliwa kutoka chini. Ukiona lengelenge dogo ujue kazi imeshakwenda mbali. Fundi alikuwa akiyapasua kwa ncha ya bisibisi, na chini ya kila moja palitoka vipande vyembamba vya kahawia vikipangana tabaka kwa tabaka, vikipukutika mkononi. Alivimwaga chini. Baada ya dakika kadhaa hukuweza kuvitofautisha na uwanja.

Kisha akafungua kopo la praima, na nikacheka peke yangu. Praima ya chuma inayouzwa madukani Kasulu ni nyekundu, na wekundu wake ni wa oksidi ya chuma. Ni kutu iliyosagwa ikachanganywa na mafuta! Tulikuwa tumepoteza siku nyingi kuikwangua ili tuirudishe kwa brashi. Lakini ina mantiki yake. Chuma kilichokwisha kuwa kutu hakina tena cha kupoteza. Hakibadiliki kwa jua wala kwa mvua, na kikifungwa ndani ya mafuta yanayokauka vizuri kinakuwa ngao ya kile ambacho bado hakijafika huko. Ukisimama pale uani wakati ule ungeona uwanja, rundo la vikwanguo na kichwa cha lori vyote vya rangi moja.

Ila praima haizuii maji peke yake. Ina vinyweleo, imetengenezwa ili rangi ya juu ishike. Barabarani utaona malori mengi yanayotembea na wekundu huo mwaka wa pili au wa tatu. Mwenye gari alikuwa na fedha ya msasa na praima, akasema rangi baada ya mavuno, na mavuno yakapita kwenye ada za shule. Masika moja inatosha kupitisha maji, na kutu inaanza upya chini ya dawa yake. Mama mkubwa alilijua hilo pengine kwa kuona tu, kwa sababu hakuruhusu kopo la praima lifunguliwe mpaka rangi ya juu na thina vimeshanunuliwa na viko chini ya kitanda chake.

Viraka vilitoka kwenye pipa la mafuta. Fundi aliliosha, akalijaza maji karibu mpaka juu, ndipo akaanza kulikata, maana mvuke unaobaki ndani ya pipa tupu ukikutana na cheche hulipuka. Bati la paa alilikataa hata kama angepewa bure. Kwanza ni jembamba mno kwa kazi ya gari. Halafu limepakwa zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na baridi usiku uleule. Alikata kila sehemu iliyooza mpaka alipokuta chuma kinachong'aa, hata pale tulipodhani anazidisha. Tundu la ukubwa wa ngumi likawa la ukubwa wa sahani. Hapa ndipo mwenye gari anapojaribiwa, maana mbele ya macho yake gari linazidi kuharibika, fedha zinakwenda, na fundi wa puti angeshamaliza.

Katika mkoa huu huu kuna mfano ambao mafundi wa Kigoma mjini hawachoki kuutaja. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa meli na reli, ikaungwa Kigoma na kuitwa Graf von Goetzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliitoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na ikaendelea kubeba watu na dagaa mpaka karne hii. Huwa napenda kumfikiria yule aliyepaka grisi. Alikuwa ameshindwa vita, anazamisha kazi ya mikono yake, hana hakika kama atakuja kuiona tena, na akaingiza mkono kwenye pembe ambazo jicho halifiki. Hakuwa akimpakia mnunuzi.

Fundi wetu naye alikuwa na grisi yake. Aliyeyusha nta ya Kibondo pamoja na oili safi katika debe kuukuu, akaimimina ingali moto kwenye maboksi ya chini ya kichwa na ndani ya milango, ikatiririka mpaka kwenye mikunjo ya bati. Wengi hapa hupaka oili chafu. Alisema oili chafu ina tindikali ya moshi na isitoshe inalowesha ardhi ambako kuku wanadonoa. Uani kote kulinukia mzinga, na nyuki wachache walikuja wakazunguka milango siku nzima.

Siku ya kupuliza rangi inapangwa kwa hewa, kalenda haina kauli. Huku juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, Juni ina baridi ya usiku na umande mzito. Alfajiri, wakati hewa imetulia na vumbi limelala, chuma kimelowa. Ukipulizia hapo unafungia maji ndani. Kufikia adhuhuri chuma kimekauka lakini upepo umeamka. Kwa hiyo unabaki na muda mdogo, tuseme saa tatu mpaka saa tano, na ukichelewa hadi Agosti unaongezewa majivu ya moto wa pori yanayodondoka kutoka angani yakiwa bado meupe. Uwanja ulimwagiwa maji. Kuku walifungiwa. Mama mkubwa alituma mtoto kwa majirani wote wawili kuwaomba wasifagie asubuhi ile, na mmoja akajibu kwamba tangu jana hajafagia kwa ajili yetu. Kompresa ya kukodi ilikohoa, ikashika. Kabla umeme wa gridi haujafika, miji hii ikiishi kwa majenereta ya dizeli, rangi nyingi za malori zilipakwa kwa brashi, na michirizi ya brashi hizo bado inaonekana kwenye magari ya rika la hili.

Fundi alijifunga kitambaa puani, na baada ya koti la kwanza akaletewa maziwa. Hilo nalo ni desturi ya gereji zote: maziwa yanaondoa sumu ya rangi. Hayaondoi. Maziwa yanakwenda tumboni na mvuke umekwenda mapafuni, na rangi hizi za kisasa zinazochanganywa na hadina zina isosayanati, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu asiyokuwa nayo, tena kitambaa hakiizuii. Nilimwambia. Alinisikiliza kwa heshima, akanywa maziwa yake, akasema tangu mwaka wa kwanza anafanya hivi. Kisha akakohoa. Tulichoweza ni kuwaondoa watoto uani na kumpa muda mrefu zaidi kati ya koti na koti, akae upande upepo unakotoka. Barakoa zenye vichujio vya kemikali zipo duniani na bei yake si ya kutisha ukilinganisha na kopo la rangi. Tajiri anayenunua kopo ndiye angepaswa kuinunua, na hilo halimo katika desturi ya gereji yoyote niliyoijua.

Rangi ilikuwa kijani ileile. Kadi ya gari inaandika rangi, na ukiibadilisha una safari za TRA za kurekebisha. Hiyo ndiyo sababu iliyotajwa. Nadhani ilikuwepo nyingine, ila mama mkubwa hakuulizwa.

Tatizo halikuwa kwenye kijani. Lilikuwa kwenye milango, mahali ambapo kwa miaka yote lilisomeka jina la baba mkubwa kwa herufi nyeupe, na chini yake sanduku la posta na uzito wa gari. Kutu ilikuwa imekula bati la chini mpaka katikati ya jina. Siku ile fundi aliposimama na grenda, aliuliza kama kawaida ya kazi, bila kujua anauliza nini:

"Mama, jina nilizungushie karatasi au nilifute?"

Haikuwezekana kulizungushia. Nusu ya herufi zilisimama juu ya hewa. Zikafutwa, bati jipya likaingia, kijani kikapita, na sasa milango iko tupu, safi, na kila anayekuja kusalimia anaitazama kabla hajatazama kitu kingine. Lori la biashara linaandikwa mwenyewe ubavuni. Mwenyewe ni nani? Kadi ina jina la marehemu. Ili ibadilishwe, mahakama ya mwanzo inataka msimamizi wa mirathi, na ili apatikane msimamizi panatakiwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao kimeahirishwa tangu matanga kwa sababu baba wadogo wanasema lori ni la ukoo, na mama mkubwa hasemi kitu. Wakati likiwa na kutu hakuna aliyelihitaji. Vijana wa skrepa walipokuja na mizani, hakuna baba mdogo aliyetokea kupinga. Rangi ilipokauka walifika wote, wakalisifu, mmoja akafungua boneti akatikisa kichwa kama mnunuzi. Sikuona sumaku, lakini aliupitisha mkono chini ya mlango.

Barabara nayo imewaongezea hamu. Kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kilomita karibu 260, lami imekuwa ikisogea, na kokoto zilizokuwa zikirushwa na matairi na kuchuna rangi nyuma ya madigadi zinapungua. Lori lililoshonwa vizuri sasa linaweza kuishi kuliko matarajio ya aliyelishona. Tangawizi ya Buhigwe inatafuta magari. Maharage yako ghalani Heru Juu, na mwenye maharage ameshatuma mtu mara mbili.

Kijana wa maandishi alikuja Ijumaa na makopo yake mawili na brashi za manyoya. Anatoza kwa herufi. Alipanga ngazi, akapiga mistari ya chaki mlangoni, akauliza jina. Baba mdogo mkubwa alikuwepo, amekaa kwenye kigoda kivulini, akakohoa kidogo akijiandaa kusema.

"Shikamoo mama. Niandike nani?" kijana alirudia, safari hii akimwelekea mama mkubwa.

"Marahaba mwanangu. Andika sanduku la posta," alisema. "Na uzito. Hapo juu acha nafasi ya jina, refu kiasi."

Kijana akahesabu tarakimu, akataja bei, akaomba nusu kabla ya kuanza.

"Mpe," mama mkubwa akamwambia shemeji yake.